Ekari Tano, Ng'ombe Wangapi? Njoo Uulize Oktoba

Swali hili hunijia kila mwaka, na karibu kila mwaka huja mwezi Aprili. Mvua imemwagika, mtu ametazama ekari zake tano zimefunikwa majani hadi magotini, ana akiba kidogo mkononi, na amesikia kuwa wapo wateja wa mjini wanaotaka nyama ya ng'ombe aliyekula majani tu. Anauliza: "Ninunue wangapi?" Jibu langu huwaudhi wengi: njoo uulize Oktoba.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua maksai saba mwezi Aprili, nikajiona tajiri. Julai majani yalikuwa ya kahawia. Septemba nilikuwa nanunua mabua kwa jirani. Oktoba nikauza wanne kwa dalali ambaye hata kushuka kwenye lori hakushuka. Aliwatazama kupitia dirishani, akataja bei, nikakubali. Watatu waliobaki walinenepa vizuri mvua zilizofuata. Hao watatu ndio waliokuwa saizi ya shamba langu tangu mwanzo.

Naandika nikiwafikiria zaidi wenzangu wa Kongwa, Mpwapwa, Gairo na Chamwino, ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba ya ukame. Wewe mwenye vuli na masika una nafuu. Rekebisha miezi, hesabu ni ileile.

Tuelewane kwanza

Huu si unenepeshaji wa siku 90 kwa mashudu ya pamba na pumba, kama wanavyofanya wengi Kanda ya Ziwa. Ule ni biashara halali na una faida yake. Hapa tunazungumzia ng'ombe anayejaza nyama kwa majani ya malishoni, hei, mabaki ya mazao, maji na chumvi. Anachukua muda mrefu zaidi, gharama ya chakula ni ndogo, na ardhi inabeba mzigo wote. Ukimwahidi mteja majani tupu kisha ukateleza ukalisha mashudu, mwambie. Mji mkubwa kwa majengo, lakini kwa habari za nyama ni mdogo sana.

Pima majani kabla ya kutafuta ng'ombe

Unahitaji fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, mundu, gunia na mizani.

1. Majani yanapoanza kutoa maua, tembea shambani na utupe fremu mahali kumi bila kuchagua. Ukichagua penye majani mazuri unajidanganya mwenyewe.
2. Kata kila kilichomo ndani ya fremu, acha kimo cha vidole vinne kutoka ardhini. Tupa miti na magugu yasiyoliwa.
3. Anika juani hadi uzito usipungue tena. Pima, tafuta wastani wa fremu zote kumi.
4. Zidisha kwa 4,000, maana ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Hiyo ndiyo hei iliyosimama kwenye ekari yako.
5. Gawanya kwa mbili. Nusu ni ya ng'ombe, nusu inabaki kulinda udongo na mizizi.

Tuseme wastani wako ni gramu 400. Ekari moja ina kilo 1,600. Ng'ombe atakula 800. Ekari tano ni kilo 4,000.

Sasa upande wa mlaji. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu cha takriban asilimia 2.5 ya uzito wake. Maksai wa kienyeji ukimnunua na kilo 180 ukamfikisha 270, wastani wake ni kilo 225; weka kilo 6 kwa siku. Kwa siku 180 ni kilo 1,080.

Gawanya 4,000 kwa 1,080: wanatoka watatu na kipande. Kile kipande usikinunue.

"Ekari tano kwa ng'ombe watatu?" Ndiyo, kwa nyasi za asili zenye kiasi hicho, kwa msimu mmoja. Ukipanda nyasi bora kama Rhodes au senkrasi, ukaweka samadi na mvua ikakubali, hesabu itapanda. Mbegu za nyasi hizi huulizwa TALIRI Kongwa, kituo kinachoshughulika na malisho. Ila panda ekari moja kwanza. Kongwa hii hii, mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwa mamia kulima karanga bila kuielewa mvua yake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wao walikuwa na fedha za serikali nzima, wewe una za kikoba.

"Mbona wazee wetu walifuga bila mizani?"

Walipima kwa njia yao. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986 kuirudisha ardhi iliyochakaa, ngitili zilikuwa sehemu kubwa ya kazi. Tena wazee walikuwa na nafasi ya kuhama. Wewe una hati, seng'enge na jirani mwenye mahindi, huendi popote.

Mnadani: mwache mnono apite

Nunua Desemba, majani mapya yakishapita kifundo cha mguu. Wakati huo mifugo imekonda, na wenyewe wanahitaji fedha za chakula na mbegu. Ng'ombe mchanga aliyekondeshwa na njaa peke yake, akikutana na majani mabichi, hufidia kwa kasi ya kushangaza. Unachonunua ni fremu. Nyama utaiweka mwenyewe. Kazi yako yote mnadani ni kutofautisha aliyekonda kwa njaa na aliyekonda kwa ugonjwa.

Mtazame hivi:

- Meno. Mawili ya kudumu hadi manne ndiyo umri unaofaa. Mwenye meno yote yaliyoanza kuchakaa atanenepa, lakini nyama yake itakuwa ngumu.
- Mifupa. Mgongo mrefu, kifua kipana, miguu imara. Mfupi mwenye tumbo kubwa na kifua chembamba amedumaa tangu utotoni.
- Pumzi. Mkimbize hatua chache. Akikohoa au akinyoosha shingo kutafuta hewa, mwache. Homa ya mapafu ikiingia zizini inabaki na wewe.
- Tezi. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Uvimbe mgumu ni dalili ya ndigana kali.
- Kinyesi na macho. Akiharisha na ndani ya kope pameupe, ana minyoo au damu imepungua.
- Amelelewa wapi. Wanaozurura kwenye majalala hubeba mifuko ya plastiki tumboni. Huyo utamlisha mwaka mzima na mbavu zitahesabika bado.

Mbegu gani? Zebu wetu wa kienyeji anatosha kwa kuanzia. Anavumilia kiu na kupe, na hula majani ambayo wageni huyanusa tu. Borani na ng'ombe aina ya Mpwapwa wana mwili mkubwa zaidi, na wanakula kulingana na mwili huo. Chotara wa maziwa dume ni rahisi kumpata, ila majani ya kiangazi humshinda mapema.

Chagua maksai. Dume asiyehasiwa hukua haraka, lakini hupigana, huruka seng'enge, na akipita umri nyama yake hukakamaa. Kuhasi kwa burdizo kunafanywa vizuri angali ndama. Usinunue dume mkubwa kwa kuwa ni bei poa ukidhani utamhasi nyumbani Jumapili.

Usiondoke mnadani bila stakabadhi ya mauzo na kibali cha kusafirisha.

Wiki nne za kwanza

Wageni wakae peke yao, mbali na ng'ombe wako na wa jirani. Usiharakishe kuwachanganya kwa sababu kijana wa kuchunga amelalamika kazi ni mbili.

Siku ya kwanza wape maji kidogo kidogo, majani makavu, na kivuli. Ng'ombe mwenye njaa akiachiwa majani machanga yaliyoloa umande, au kunde mbichi, anaweza kuvimbiwa na kufa kabla hujamaliza chai. Wape hei asubuhi, waende malishoni umande ukishakauka.

Wiki ya kwanza wapewe dawa ya minyoo na waogeshwe. Muulize bwana mifugo chanjo zinazotakiwa kwenye kata yenu. Ya kimeta na chambavu usiikwepe: chambavu huwapenda vijana walionona, yaani wale hasa unaotegemea kuwauza. Kama unatoa ng'ombe eneo lisilo na kupe wengi kuwapeleka penye kupe, uliza pia chanjo ya ndigana kali. Mgeni asiye na kinga hapatani na kupe wa masikioni.

Na hili ni la nyama moja kwa moja: sindano ichomwe shingoni. Ikichomwa pajani huacha kovu, wakati mwingine jipu, ndani ya mnofu bora kuliko yote. Mchinjaji atalikuta, mteja atakuwa amesimama hapo.

Kulisha kwa zamu

Kosa la kawaida ni kufungua shamba lote na kuwaachia. Ng'ombe ataanza na majani matamu, atayarudia kila yanapochipua, hadi yafe; yale mabaya yatakua yakatawala. Baada ya misimu mitatu unabaki na shamba la kijani lisiloliwa.

Gawa malisho vipande sita. Kila kipande siku tano hadi sita, kisha kipumzike karibu mwezi mmoja wakati wa mvua. Ingiza ng'ombe majani yakiwa kimo cha goti, watoe yakifika kimo cha kiganja kilichosimama. Ukibishana na nafsi yako kama wakae siku moja zaidi, watoe.

Uzio si lazima uwe wa gharama. Wapo wanaotumia michongoma, wapo wanaotumia waya wa umeme wa sola, na wapo wenye mchungaji makini na mipaka ya mawe. Kufunga kwa kamba kunawezekana kwa ng'ombe wawili watatu, kwa sharti la kuhamisha mara mbili kwa siku na kuwapeleka kivulini saa za jua kali. Nimeona wengi wakifunga asubuhi na kurudi jioni. Ng'ombe hao hawanenepi hata ukiomba dua.

Maji ni lita 30 hadi 50 kwa kila mmoja siku ya joto. Ng'ombe asiyekunywa hali. Mwenye kutembezwa kilomita nne kwenda bwawani na nne kurudi amechoma sehemu kubwa ya alichokula. Nikiulizwa kati ya mbegu za nyasi na tangi la maji nianze na lipi, nasema tangi.

Chumvi ya mawe yenye madini iwepo muda wote, ining'inizwe pasiponyeshewa.

Ukitaka kuvuka nao kiangazi

Si lazima. Mpango rahisi kwa anayeanza ni kununua Desemba na kuuza Mei au Juni, wakati ng'ombe yuko kwenye kilele na majani yako yanaelekea ukingoni. Wengi hukataa wazo hili wakisema watasubiri bei ya sikukuu za Desemba. Basi fanya hesabu: miezi sita ya ukame, kilo 6 kwa siku, ni kilo 1,080 nyingine kwa kila ng'ombe, na hizo ni zaidi za kumzuia asikonde kuliko za kumnenepesha.

Kwa hei, hiyo ni marobota 54 ya kilo 20 kwa kila ng'ombe. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba, jaza majani, kanyaga kwa miguu, funga. Ukikanyaga vizuri robota hukaribia kilo 20.

- Kata majani yanapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zikauke, unahifadhi kuni.
- Anika siku mbili tatu huku ukigeuza. Hei nzuri hubaki na rangi ya kijani na harufu tamu.
- Usifunge ikiwa na unyevu. Itaota ukungu, na robota zito lililofungwa bichi hupata joto hadi kuwaka.
- Weka juu ya vichanja, chini ya paa.

Majani makavu ya Septemba yana protini kidogo mno. Ng'ombe anajaza tumbo huku anakonda. Hapo ndipo majani ya lukina, gilirisidia, na mabaki ya kunde, mbaazi na karanga yanapookoa. Lukina isizidi theluthi ya chakula; ukiona nywele za mkia zinanyonyoka, umezidisha.

Onyo la mtama

Hili nalitenga kwa makusudi, maana linaua kila mara kwenye maeneo yetu. Baada ya kuvuna mtama, visiki huchipua tena, hasa ikinyesha mvua ndogo. Machipukizi hayo, pamoja na mtama mchanga ulionyauka kwa jua, yana sumu ya sianidi. Ng'ombe anakula dakika chache, anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka. Daktari mara nyingi hufika amechelewa. Mtama uliokauka vizuri juani hauna shida hiyo kubwa; hatari ni mbichi, mfupi, ulionyauka au uliochipua. Ukipewa shamba la mtama kulishia, lizunguke mwenyewe kwanza.

Kupe, minyoo na dawa

Ogesha kwa ratiba ya bwana mifugo, na changanya dawa kama chupa inavyosema. Kupunguza dawa ili chupa idumu ni kuwafundisha kupe kuizoea. Pulizia ndani ya masikio, chini ya mkia, na katikati ya miguu; wengi hulowesha mgongo tu, mahali ambapo kupe hawapo.

Dozi ya minyoo hufuata uzito, na uzito haukadiriwi kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima pia urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kifua mara kifua mara urefu, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 10,838; unapata kilo za karibu. Kifua 150 na urefu 120 ni kama kilo 249. Pima kila mwezi, andika. Zebu kwenye malisho mazuri ya mvua huongeza karibu nusu kilo kwa siku. Mwezi ukipita bila kilo 10, kuna tatizo: minyoo, maji, au vipande vimechoka.

Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuchinja, na zipo zinazopita siku 28. Soma lebo, andika tarehe ukutani.

Ng'ombe akifa ghafla na damu ikimtoka puani au nyuma, usimpasue, usile, usichune ngozi. Hicho chaweza kuwa kimeta. Mwite bwana mifugo na zuia watoto na mbwa.

Siku ya kuuza

Bonyeza mbavu za mwisho, shina la mkia na kidari. Ukisikia tabaka laini juu ya mfupa, yuko tayari. Maksai wa kilo 270 atatoa takriban nusu ya uzito huo machinjioni, pamoja na mifupa. Mwambie mteja mapema asije akadhani umemwibia.

Kazi ya miezi sita inaweza kuharibika usiku mmoja. Ng'ombe aliyepigwa fimbo huwa na damu iliyovilia kwenye mnofu. Aliyefukuzwa na kusafirishwa kwa hofu humaliza sukari ya misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, kavu, isiyokaa. Mpeleke machinjioni jana yake, apumzike na anywe maji. Achinjwe kwenye machinjio yanayotambuliwa na kugongwa muhuri wa mkaguzi. Nyama ya nyuma ya nyumba usiuze hata kwa shemeji.

Tumezoea nyama ya moto, iliyochinjwa alfajiri na kuliwa mchana. Kama mteja wako analipa zaidi, mtafutie bucha lenye chumba cha baridi, mzoga uning'inie angalau siku mbili, wiki moja ikiwezekana. Lakini usiutupe kwenye friza ungali moto. Mzoga wa ng'ombe wa majani hauna mafuta mengi ya kuufunika, ukipigwa na baridi kali ndani ya saa kumi za kwanza misuli hujikunja na nyama inakuwa kama kiatu.

Malalamiko mawili utakutana nayo. La kwanza: "Mafuta ya njano, huyu alikuwa mzee." Siyo, rangi hiyo inatokana na majani mabichi, rangi ileile iliyomo kwenye karoti. Muonyeshe picha ya meno uliyopiga siku ya kuchinja. La pili: "Imekauka." Hapo muulize alivyopika. Nyama isiyo na mafuta mengi haitaki moto mkali. Sehemu za kuchoma zichomwe kwa makaa ya wastani na kutolewa mapema, miguu na shingo zichemke taratibu.

Nianze lini?

Ukisoma haya mvua zikiwa zinanyesha, usinunue ng'ombe. Pima majani, gawa vipande, tengeneza sanduku. Machi hadi Mei, mvua zikipungua, kata hei hata kama huna mnyama. Ukishindwa kuitumia, Septemba utaiuza kwa bei utakayoitaja wewe. Kiangazi jenga zizi la wageni na tangi. Oktoba simama katikati ya shamba lako utazame kilichobaki. Novemba nenda mnadani mara mbili bila fedha, utazame tu, umshike ng'ombe wa wengine meno. Mara ya tatu beba fedha za ng'ombe watatu, na za wa nne ziache nyumbani kwa mama watoto, akatae kukupa.